Bei ya Kamera, Bei ya Picha

Mwaka 1839, mkazi wa Paris aliyetaka kupiga picha alilazimika kwenda dukani kwa Alphonse Giroux akiwa na fedha nyingi mfukoni. Huko ndiko ilikouzwa kamera ya Louis Daguerre, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya wateja. Haikuuzwa peke yake. Mnunuzi alichukua pia sahani za shaba zilizopakwa fedha, chupa za dawa, taa ya spiriti na sanduku la kufukizia sahani kwa mvuke wa zebaki. Mzigo wote ulifika kilo 50 hivi, na bei yake ilikuwa karibu faranga 400. Fundi wa kawaida wa mji huo alipata faranga 3 au 4 kwa siku. Hata kama asingekula wala kulipa kodi ya chumba, angefanya kazi siku 100 au zaidi kabla ya kupiga picha yake ya kwanza.

Tarehe 19 Agosti mwaka huo siri ya Daguerre ilitangazwa hadharani, baada ya serikali ya Ufaransa kumpa mvumbuzi pensheni ya faranga 6,000 kwa mwaka. Ujuzi ukawa wa kila mtu, lakini vyombo vikabaki vya wachache. Tangu hapo mpenzi wa picha amekuwa akikabiliwa na bei mbili. Ya kwanza ni ya kamera, ambayo hulipwa mara moja. Ya pili ni ya kila picha: sahani, filamu, dawa na karatasi, na hii haiishi maadamu mtu anaendelea kupiga. Watengenezaji wamekuwa wakihamisha gharama kutoka bei moja kwenda nyingine kwa zaidi ya miaka 180, nao wenye kipato kidogo wamekuwa wakitafuta pa kupenya. Namna walivyopenya inaonekana hadi leo ndani ya picha zenyewe.

Huko Uingereza kikwazo kiliongezeka: hataza. William Henry Fox Talbot, aliyegundua njia ya kupata hasi ya karatasi na kuichapisha mara nyingi, aliisajili mwaka 1841, na aliyetaka kuitumia alipaswa kupata ruhusa yake. Miaka 10 baadaye mchongaji sanamu wa London, Frederick Scott Archer, alichapisha njia yake ya kolodioni bila kudai haki yoyote. Kioo cha kawaida kikachukua nafasi ya shaba iliyopakwa fedha, na hasi moja ikatoa nakala nyingi za karatasi. Mwaka 1852 Talbot alilegeza masharti kwa wapiga picha wa ridhaa, akajibakizia haki ya biashara ya picha za watu. Archer hakufaidi. Alifariki mwaka 1857 bila mali, na wapiga picha wenzake wakachanga fedha kwa ajili ya familia yake.

Kolodioni ilishusha bei ya sahani, ila ilidai kitu kingine ambacho maskini hana, yaani muda na nafasi. Kioo kilipakwa dawa, kikapigiwa picha na kusafishwa kikiwa bado kibichi. Aliyetoka nje ya nyumba alibeba hema la giza, maji na chupa. Ndiyo maana majina makubwa ya wapiga picha wa ridhaa wa enzi hiyo ni ya watu wenye nyumba kubwa na watumishi. Julia Margaret Cameron alipewa kamera na binti yake na mkwewe mwezi Desemba 1863, akiwa na umri wa miaka 48. Nyumbani kwake Freshwater, katika kisiwa cha Wight, aligeuza banda la makaa kuwa chumba cha giza na banda la kuku lenye vioo kuwa studio. Mwenye chumba kimoja cha kupanga asingekuwa na banda la kugeuza.

Jawabu la kwanza la wasio na nafasi lilikuwa kujiunga pamoja. Chama cha wapiga picha cha London kilianzishwa mwaka 1853, na miji mingine ikafuata. Kadiri miaka ilivyopita vilabu vilipata vyumba vya giza vya pamoja, maktaba za vitabu vya ufundi na maonyesho ya kila mwaka. Mwanachama alilipa ada, akatumia mashine ya kukuzia picha ambayo hangeweza kuinunua peke yake, na alipotaka lenzi ya mtumba alijua ni nani anayeuza na imetunzwaje. Kwa Waswahili waliozoea upatu na vyama vya kuchangiana, utaratibu huu hauna ugeni wowote.

Aliyegeuza hesabu nzima alikuwa karani wa benki. George Eastman wa Rochester, jimbo la New York, aliacha shule akiwa na miaka 14 ili kumsaidia mama yake mjane. Mwaka 1877 alinunua vyombo vya kolodioni, akaona kwamba gharama na uzito wake vingemfukuza mtu yeyote wa kazi ya kawaida. Mwaka 1888 alitoa kamera ya Kodak kwa dola 25, ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake. Picha zilipoisha, mwenye kamera aliirudisha kiwandani pamoja na dola 10. Picha zilisafishwa na kuchapishwa, na kamera ikarudi na filamu mpya. Chumba cha giza kilitoka mikononi mwa mpiga picha kikahamia kiwandani. Hata hivyo dola 25 zilikuwa bado fedha nyingi kwa mfanyakazi.

Kisha Februari 1900 ikaja Brownie. Iliundwa na Frank Brownell kwa ajili ya kampuni ya Eastman: sanduku la kadibodi lenye lenzi rahisi, bei yake dola 1. Filamu yake ya picha 6 iliuzwa senti 15. Hapa ndipo siri ya biashara ilipo, na kila mpenzi wa picha anaweza kuipiga hesabu mwenyewe: filamu 7 zilikuwa zimekwisha kuipita bei ya kamera, kabla ya kusafisha na kuchapisha. Eastman aliishusha bei ya kwanza hadi karibu na ardhi kwa sababu alijua faida yake itatoka kwenye bei ya pili. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa Brownie zaidi ya 100,000. Mwaka 1930, kampuni ilipoadhimisha miaka 50, iligawa bure kamera zipatazo 500,000 kwa watoto wa Marekani na Kanada waliotimiza miaka 12 mwaka huo. Kila mtoto aliyeondoka dukani na kamera ile alikuwa mteja wa filamu kwa miaka ijayo.

Ulikuwa mpango wa kibiashara, lakini ulifungua milango ambayo hakuna aliyekuwa ameifungua. Ansel Adams, ambaye baadaye picha zake za milima zilijulikana duniani kote, alipewa Brownie na wazazi wake mwaka 1916, walipokuwa wakitembelea Yosemite. Alikuwa na miaka 14. Mwaka 1935 huko Bamako, mjomba aliyerejea kutoka Senegal alimletea mpwa wake, fundi seremala kijana aliyeitwa Seydou Keïta, kamera ndogo ya aina hiyohiyo. Na Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na Box Brownie ya mtumba akiwa mvulana wa shule. Mwaka 1963 alianzisha kampuni ya picha ya Camerapix hukohuko Dar es Salaam. Oktoba 1984 video alizorekodi kuhusu njaa ya Ethiopia zilirushwa na BBC, na dunia ikaanza kuchanga.

Wakati Brownie ikienea chini, juu kulikuwa kunajengwa ghorofa jipya. Mwaka 1925, katika maonyesho ya biashara ya Leipzig, kampuni ya Leitz ya Wetzlar ilionyesha Leica, kamera ndogo ya chuma iliyobuniwa na Oskar Barnack. Ilitumia filamu ya sinema ya milimita 35, ikaingia mfukoni, na lenzi yake ilitoa picha iliyoweza kukuzwa bila kuvunjika. Kila aliyeishika aliitamani. Aliyeweza kuinunua alikuwa mmoja katika wengi.

Ukali wa bei hiyo unaonekana vizuri zaidi Japani. Katikati ya miaka ya 1930 Leica iliuzwa Tokyo kwa yeni 420 hivi, ilhali kijana aliyemaliza chuo kikuu na kuajiriwa na kampuni yenye jina alianza na mshahara wa yeni 70 kwa mwezi. Ni mishahara ya miezi 6 kamili. Goro Yoshida, fundi wa mashine za sinema, alinunua Leica, akaifungua kipande kwa kipande na kukiri kwamba ndani yake hamna almasi: ni shaba, chuma, alumini na mpira. Kwa nini basi igharimu kiasi hicho? Katika karakana ndogo iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1933 yeye na wenzake walitengeneza mfano walioupa jina la Kwanon. Mwaka 1936 karakana hiyo, ambayo baadaye iliitwa Canon, ikatoa kamera yake ya kwanza kuuzwa, Hansa Canon, kwa yeni 275. Lenzi yake ilitengenezwa na kampuni ambayo baadaye ilijulikana kama Nikon. Kampuni mbili kubwa za kamera za karne ya 20 zilikutana katika kazi ya kupunguza yeni kwenye bei ya Leica.

Karibu wakati huohuo, Kharkiv nchini Ukraine, watoto waliopoteza wazazi katika vita na njaa walikuwa wakiishi katika jumuiya iliyoongozwa na mwalimu Anton Makarenko. Walisoma kwa saa kadhaa na kufanya kazi kiwandani kwa saa nyingine, wakianza na mashine za kutobolea za umeme. Mwaka 1934 walianza kutengeneza nakala ya Leica. Kamera yao iliitwa FED, kutokana na herufi za jina la kiongozi wa Kisovieti Felix Edmundovich Dzerzhinsky, ambaye jumuiya ilipewa jina lake. Mwananchi wa Sovieti ambaye Leica ilikuwa nje ya uwezo wake sasa aliweza kuota kamera ya filamu ya milimita 35.

Marekani nayo ilipata njia yake. Mwaka 1936 kampuni ya redio ya Ann Arbor, jimbo la Michigan, ilitumia ujuzi wake wa kumimina plastiki ngumu ya bekelaiti kutengeneza Argus A, ikaiuza dola 12.50. Argus C3 iliyofuata mwaka 1939 ilikuwa ya pembe nne na nzito, watu wakaiita tofali. Ilitengenezwa hadi mwaka 1966 na kuuzwa zaidi ya milioni 2. Haikuwa na uzuri wa Leica, lakini ilimwezesha mwalimu wa shule au karani wa posta kutumia filamu ileile aliyotumia mpiga picha mashuhuri Henri Cartier-Bresson.

Palikuwa pia na watu walioona kwamba hoja haikuwa bei tu, bali nani anayepiga picha za nani. Mwaka 1926 wafanyakazi wa Ujerumani waliunda chama cha wapiga picha, wakachapisha jarida lao, Der Arbeiter-Fotograf, na kuhimizana kupiga picha za viwanda, vyumba na mitaa yao wenyewe. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933 chama kilikwisha. New York, mwaka 1936, ilianzishwa Photo League, ambayo wengi wa wanachama wake walikuwa watoto wa wahamiaji. Kwa ada ndogo kijana alipata mafunzo, chumba cha giza na walimu kama Sid Grossman, na kazi zao za Harlem na Lower East Side zimehifadhiwa leo katika majumba ya makumbusho. Serikali iliiweka kwenye orodha ya vyama vinavyoshukiwa mwaka 1947, na mwaka 1951 Photo League ikafunga milango. Kilichopotea hakikuwa jengo tu. Zilipotea mashine za pamoja, ambazo mwanachama mmojammoja asingeweza kuzinunua.

Vita vya Pili vya Dunia vilibadilisha mikono ya kamera kwa njia za kusikitisha na za kushangaza. Katika Ujerumani iliyoshindwa, familia zenye njaa zilitoa Leica zao kwa pakiti za sigara za askari wa Marekani. Mitambo iliyotengeneza kamera za Contax ilichukuliwa na Sovieti kama fidia ya vita na kupelekwa Kiev, na kamera zilizozaliwa huko zikauzwa kwa jina la mji huo. Huko Japani, mpiga picha wa jarida la Life, David Douglas Duncan, alijaribu lenzi za Nikkor, zile za Nikon, mwaka 1950 na kuzipeleka kwenye vita vya Korea. Habari zilienea kwamba lenzi za Tokyo hazikupitwa na za Ujerumani. Kwa kuwa yeni ilifungwa katika 360 kwa dola moja tangu 1949 hadi 1971, kamera ya Kijapani ikawa nafuu kwa kila aliyenunua kwa fedha ya Magharibi.

Wasafiri wa Afrika Mashariki walijua mlango mwingine. Meli kati ya Mombasa, Dar es Salaam na Ulaya zilipita Aden, bandari huru tangu mwaka 1850. Abiria alishuka kwa saa chache katika mtaa wa Tawahi mjini humo, ambako maduka yalipanga kamera na redio bila ushuru, akapanda tena melini na kamera aliyoipata kwa bei ambayo nyumbani hangeisikia.

Huko Tokyo, mwishoni mwa miaka ya 1950, mhandisi kijana wa Olympus aliitazama bei ya pili uso kwa uso. Yoshihisa Maitani alikuwa ametumia Leica tangu ujana wake na alijua lenzi nzuri ni nini. Alijiwekea lengo la kutengeneza kamera ya yeni 6,000, wakati kamera ya bei ya chini kabisa ya kampuni yake ilikuwa karibu yeni 23,000. Alianza na lenzi, akakataa kuipunguzia ubora, kisha akapunguza kila kitu kingine. Wenzo wa kusogezea filamu ukaondolewa, pakawekwa gurudumu dogo la kidole gumba nyuma ya kamera. Na kila fremu ikakatwa nusu, hivyo filamu ya picha 36 ikatoa 72.

Olympus Pen ilitoka mwaka 1959. Kamera ndogo yenye lenzi ya kuaminika ilipunguza bei zote mbili kwa pamoja: ile ya dukani na ile ya kila mara kidole kinapobonyeza. Ukubwa wa hasi ulipungua, lakini kwa albamu ya familia hakuna aliyeuona upungufu. Pen na ndugu zake ziliuzwa kwa mamilioni.

Anayetaka kuona bei ya pili inavyoweza kumlemea mtu, atazame maisha ya Vivian Maier. Alizaliwa New York mwaka 1926 na kuishi kwa mshahara wa yaya. Mwaka 1952 alianza kutumia Rolleiflex, kamera ya Kijerumani ambayo filamu yake hutoa picha 12 tu za mraba, na aliitumia kwa miaka mingi. Mara nyingi alipiga kila kitu mara moja na kuendelea na safari. Kuanzia mwaka 1956 familia moja ya Chicago ilimpa chumba chenye bafu lake mwenyewe, na bafu hilo likawa chumba cha giza. Alipoondoka mwanzoni mwa miaka ya 1970 hakupata tena nafasi kama ile. Aliendelea kununua filamu na kupiga, lakini filamu zilizopigwa zikaanza kurundikana bila kusafishwa. Mwaka 2007 mali yake iliyokuwa imehifadhiwa ghalani iliuzwa kwa mnada kwa sababu kodi haikulipwa. Ndani yake zilipatikana hasi zaidi ya 100,000, pamoja na mamia ya filamu ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kuona kilichomo. Alifariki mwaka 2009 kabla dunia haijalijua jina lake.

Afrika ilipata jawabu ambalo Ulaya haikulihitaji sana: kamera ilipe gharama zake yenyewe. Mpenzi wa picha aliyepata kamera hakuweza kubaki mpenzi tu. Aliwapiga majirani, akatoza kidogo, akanunua filamu nyingine. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako mwaka 1948 karibu na nyumba ya familia. Karatasi na filamu zilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida alimpiga mteja mara moja tu. Kwanza alimpanga: mkono hapa, shingo pale, kitenge dhidi ya pazia. Utulivu unaosifiwa leo katika picha zake, zile zilizotundikwa kwenye majumba ya sanaa ya Paris na New York, ulitokana na ujuzi wa mtu asiyeruhusiwa kukosea.

Samuel Fosso alikuwa mdogo zaidi. Mwaka 1975, akiwa na miaka 13, alifungua studio Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Jioni, wateja walipokwisha, filamu mara nyingi ilibaki na nafasi chache. Kuitoa hivyo ilikuwa kutupa fedha, na kuingoja hadi kesho ilikuwa kuwachelewesha wateja wa leo. Akajipiga yeye mwenyewe kwa mavazi ya kila namna ili amtumie bibi yake Nigeria. Picha hizo zilionyeshwa Bamako mwaka 1994, na tangu hapo Fosso anahesabiwa kati ya wasanii wakubwa wa picha za kujipiga. Zilizaliwa kwenye mabaki ya filamu.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na studio tangu karne ya 19, kuanzia ya A. C. Gomes huko Zanzibar. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilifunguliwa Mji Mkongwe mwaka 1930. Kwa wakazi wengi studio ilikuwa ndiyo kamera yao: hawakununua chombo, walinunua picha moja ya Idi, moja ya harusi na moja ya kumtumia ndugu aliye Maskati. Lamu, Omar Said Bakor alijifunza kazi mwenyewe na kupata umaarufu kwa picha za kuunganisha, ambamo uso wa mtu hutokea ndani ya ua au juu ya chombo cha baharini. Ufundi huo haukumtaka lenzi mpya kila mwaka, ulimtaka mkono mwepesi na subira ya chumba cha giza.

Wasiokuwa na mtaji wa kufungua studio walipiga mitaani. Katika miji mingi ya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini mafundi seremala waliunda kamera ya sanduku ambayo ndani yake mna lenzi, karatasi na vikombe vya dawa. Mpiga picha aliingiza mkono, akasafisha hasi ya karatasi, akaipiga tena ili kupata picha kamili, na mteja akaondoka na picha ya kitambulisho ikiwa bado na unyevu. Filamu haikuhitajika kabisa. Baadaye, kamera ndogo za plastiki na maabara za picha za rangi zilipoenea mijini, mpiga picha wa mtaani alichukua malipo ya awali kwa mteja, akanunulia filamu na kulipia usafishaji, kisha akarudi na picha siku ya pili. Mombasa, katika miaka ya 1990, wapiga picha waliotoka bara walijenga vibanda karibu na kivuko cha Likoni, wakavipamba kwa mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba. Fedha za wateja wa asubuhi ndizo zilizonunua karatasi na filamu za jioni.

Kwa mpenzi wa picha asiyetaka kufanya biashara, soko la mtumba lilifanya kazi hiyohiyo, na hapo kipimo kimoja kilikuwa na uzito wa ajabu: parafujo ya milimita 42. Tangu mwaka 1949 kamera za Ujerumani Mashariki zilifunga lenzi kwa parafujo hiyo. Pentax ya Japani ikaipokea, na Zenit ya Sovieti pia. Mtu aliyenunua Praktica iliyotumika mjini Berlin aliweza kuifunga lenzi ya Helios kutoka Krasnogorsk au Takumar kutoka Tokyo. Lenzi haikufa na kamera yake. Pentax ilipohama kipimo hicho mwaka 1975, lenzi za zamani zilimwagika kwenye maduka ya mtumba, na wanafunzi wakazikusanya. Mwaka uliofuata Pentax ilileta K1000, kamera ya mitambo mitupu isiyo na urembo, ambayo shule nyingi za picha ziliipendekeza kwa wanafunzi. Ilitengenezwa hadi 1997 na kuuzwa zaidi ya milioni 3. Mwaka huohuo wa 1976 Canon AE-1 ilitumia kompyuta ndogo ndani yake kupunguza idadi ya vipande na gharama ya kuviunganisha, ikauzwa zaidi ya milioni 5. Miaka 20 baadaye nyingi kati ya hizo zilikuwa mitumba, na kizazi kingine kikajifunzia humo.

Kamera za dijitali zilipindua mizani. Steven Sasson wa Kodak aliunda ya kwanza mwaka 1975, lakini kamera ya dijitali ya wapiga picha wa magazeti ambayo Kodak iliiuza mwaka 1991 iligharimu karibu dola 20,000. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa karibu dola 5,500. Mwaka 2003 Canon EOS 300D ikashuka chini ya dola 1,000. Sasa bei ya kwanza ilikuwa imepanda kuliko ya kamera nyingi za filamu, lakini bei ya pili ilikaribia sifuri. Mwanafunzi aliyekuwa akihesabu picha 36 kwa mwezi aliweza kupiga 300 kwa mchana mmoja, akafuta 290 na kujifunza kutokana na kila moja. Kodak, iliyoishi kwa bei ya pili tangu enzi ya Brownie, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012.

Mbinu za zamani hazikufa. Kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani yake, zilizoanza na Panasonic G1 mwaka 2008, zina nafasi fupi kati ya lenzi na kihisi, kiasi kwamba pete ya adapta inatosha kufunga Helios au Takumar ya miaka ya 1960. Lenzi zilizonunuliwa na akina babu kwa filamu zinatumika leo kwenye kamera za dijitali. Mijini Nairobi na Dar es Salaam mpiga picha wa harusi hukodi lenzi kubwa kwa siku moja, huilipia kutoka kwenye malipo ya awali ya bwana harusi, na Jumatatu huirudisha. Hivyo ndivyo wapiga picha wa mtaani walivyopata filamu zao.

Filamu nayo imerudi, na bei ya pili imerudi pamoja nayo. Vijana wasioikuta wanainunua kwa gharama ambayo wazazi wao hawakuilipa, kwa kuwa viwanda vimebaki vichache na mahitaji yameongezeka. Watengenezaji wamejibu kwa hesabu ya Maitani. Mwaka 2022 ilitoka kamera ya plastiki ya nusu fremu yenye jina la Kodak, Ektar H35, kwa karibu dola 50. Juni 2024 Pentax ikatoa ya kwake, Pentax 17, kwa karibu dola 500, kamera yake ya kwanza mpya ya filamu baada ya takriban miaka 20. Nayo pia hugawa fremu katikati, na filamu ya picha 36 hutoa picha 72.